Voahangy na Mijakaranda Mitatu ya Ngazini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Antananarivo. Voahangy anafagia ngazi kuanzia juu, kidato kwa kidato, maua ya zambarau yakitangulia mbele ya ufagio wake. Vidato ni 312. Katikati pana uwanja mdogo: benchi la jiwe, mijakaranda mitatu. Hapo ndipo wanaopanda kutoka sokoni huvuta pumzi.

Miti hiyo sasa ina misalaba ya rangi nyekundu. Ofisi moja ya ujenzi inataka kuikata, magari ya wakubwa yanayofika kwa barabara ya ubavuni yapate pa kuegeshwa.

"Mimi si daktari," anasema mjane huyu wa miaka 54, anayelipwa ariari laki mbili kwa mwezi. "Ila nyuso naziona. Watu wanafika hapa wamenuna, wanaondoka wanataniana."

Shahidi wake ni mzee Ralambo, fundi saa mstaafu. Alipofiwa na mkewe alijifungia ndani miezi saba, mpaka Voahangy alipokwenda kumgongea dirisha.

"Eti, 'Babu, njoo unihesabie vidato, nimesahau,'" mzee anacheka. "Mwongo mkubwa! Anavijua kuliko meno yake."

"Meno yako wewe yamebaki mangapi, babu?" Voahangy anamrudishia.

Siku hizi Ralambo hushuka na kupanda kila asubuhi. Usingizi umemrudia.

Jumanne iliyopita alikuwa amekaa benchini na wenzake alipokuja Tahina, kijana wa ile ofisi. Hapa kwetu ukipita mbele ya watu walioketi unainama, unanyoosha mkono, unaomba njia. Tahina alipita wima, kopo la rangi mkononi.

"Wee! Mgongo umetiwa chuma?" Ralambo alifoka.

"Samahani, babu. Nimezoea gari."

"Si ndiyo hayo! Gari lilimwomba nani njia?"

Kijana akainama, akaomba radhi kwa kila mmoja. Kisha akapaka misalaba. Katumwa.

Waliomtuma tunawajua. Ndio waliochukua bustani ya kule sokoni wakaahidi nyingine. Mwaka wa kumi na tisa huu tunaingoja, na wazee wa chini wanaota jua kando ya jalala. Watu wasiotembea wanatupangia pa kutembea!

Voahangy hapendi ukali huo. "Hasira inachosha magoti," anasema. Yeye ana mpango. Ralambo amemwandikia barua, na wapanda ngazi 640 wametia dole gumba. Inaomba kikao cha Alhamisi kifanyike hapa benchini, saa sita mchana, na wakubwa waje kwa miguu kutoka sokoni.

Kikao wamekikubali. Kuhusu miguu, bado kimya.

"Watakuja tu," anasema, akikung'uta ufagio. "Nitawapikia vitumbua na kahawa. Na atakayefika hapa akapitiliza, asiketi kivulini hata kidogo, huyo mimi mwenyewe nitamkabidhi shoka."