Taa ya ukoo wetu, herufi G, na Pater niliyepewa jina lake

Mbukwenyi wakuu.

Picha siweki, msinisumbue. Kisa ni cha kweli, kimenipata mwenyewe, na aliyeumia ni mimi.

Jina langu la ubatizo ni Pendini. Mlioanza kucheka, subirini kwanza.

Nyumbani kwetu Kibakwe kuna taa ya chemli, ya shaba, ambayo bibi yangu haruhusu mtu kuigusa. Kwenye kitako imeandikwa PAT. PENDIN, na chini yake namba 2.

Toka nazaliwa naambiwa hiyo Pat. ni Pater. Yaani Pater Pendini, mmisionari aliyembatiza babu akamwachia taa yake. Namba mbili ni kwa sababu babu alikuwa mtu wa pili kubatizwa pale kijijini.

Kuna ukoo jirani wanadai wa pili alikuwa babu yao. Tukiwaonyesha taa wanaaga.

Sasa kigango chetu kikawa na jubilei. Bibi akapangiwa kuipeleka taa altareni na kusimulia habari za Pater mbele ya Paroko na waumini wote. Akaniagiza mimi, msomi wa ukoo niliyeko Dodoma mjini, nitafute Pater alitoka nchi gani. Nikakabidhiwa taa kwa siku tatu, imefungwa kwenye khanga mpya.

Nikagugo Pater Pendini, patupu.

Nikajiunga na group moja la wazungu wanaokusanya taa za zamani, nikapost picha. Mzee mmoja akaniambia nisafishe kitako nipige tena, na nimpigie pia kile kitufe cha kupandishia utambi. Nikasugua kwa limao na majivu, napiga mluzi.

Masizi yakatoka. Mwisho wa jina ikatokea herufi G.

Wakuu, mimi nafanya kazi masjala. Neno Pending naliandika kwenye mafaili ya watu asubuhi mpaka jioni.

Mzungu akanimalizia kwa upole kabisa. Pat. ni patent: mtengenezaji ameomba haki ya ubunifu wake na bado hajajibiwa. Namba 2 ni saizi ya utambi. Alama ya kwenye kitufe ni ya kiwanda. Akanipongeza eti nina taa nzuri.

Niliwaza kunyamaza. Lakini Paroko wetu Kiingereza kinapanda, na ile G nilishaisugua mwenyewe inang'aa kuliko herufi zote. Bibi angeaibikia altareni, ukoo ule mwingine wakiwa benchi la mbele. Roho iliniuma.

Jumamosi nikapanda basi. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Akasema babu alimwambia tu kwamba kaachiwa taa na Pater. Pater yupi, hakutaja. Jina walijisomea wenyewe baada ya babu kufariki.

Kisha akaniuliza, "Hilo neno lenyewe lina maana gani?"

Nikamwambia, "Wameomba, wanasubiri jibu."

"Kumbe ni sala," akasema, akaenda kupika.

Jumapili sikuweza hata kuinua macho. Bibi akaipeleka taa, akageuka, akasema mjukuu wake ameichunguza kitaalamu na Pater Pendini hayupo, hakuwahi kuwepo. Ule ukoo wakaanza kupigana viwiko.

"Taa hii imeandikwa hivi," akaendelea. "Wameomba, bado hawajajibiwa. Na sisi kigango hiki tumeomba kuwa parokia tangu nywele zangu nyeusi. Baba Paroko, uisome mwenyewe, upeleke kwa Askofu."

Vigelegele vilivyopigwa, mpaka ule ukoo wakasimama. Paroko akaipokea taa kwa mikono miwili, hana pa kuangalia.

Jina langu sibadilishi.

Nilichojifunza: ukikuta kitu cha kale, safisha kitako kwanza ndipo ubatize mtoto.

Wenzangu mliopewa majina yaliyosomwa kwenye cherehani, redio na makopo ya maziwa, jitokezeni hapa chini. Hatutawacheka sana.