Kibanio Chekundu cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni mtunza mafaili katika ofisi moja kubwa, na kwa miaka kumi na tisa amekwenda kazini kwa baiskeli. Hajachelewa hata siku moja. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Wakubwa hufika saa nne wakiwa hoi kwa foleni, kwa hiyo mtu anayefika saa moja na nusu, tena mchangamfu, huonekana hana majukumu.

Ofisi ile ina geti kubwa la magari. Mlinzi hufungua mabawa yote mawili na kupiga saluti, hata kama garini yumo dereva peke yake. Pembeni kuna kijimlango cha pipa la taka, mpika chai na shemeji.

Mwaka jana nafasi ya mkuu wa masjala ikawa wazi. Bosi alimwita, akamsifu mpaka akaona haya, kisha akamweleza kuwa kazi anaijua, kilichobaki ni hadhi. Mkuu wa masjala hanyongi baiskeli kama muuza maziwa. Barua ingetoka mwisho wa mwezi, basi ajitazame. (Mimi sina ugomvi na wauza maziwa. Mke wangu nilimleta nyumbani kwenye keria, na hakulalamika mpaka tulipofika.)

Dada naye akamshauri, "Baba watoto, si uiache mbali kidogo, watu wasikuone?"

Basi akawa anaiacha kwa fundi viatu, mtaa wa nyuma, anafuta jasho, anaingia kwa mwendo wa taratibu wa mtu aliyeshushwa na gari sasa hivi. Ujanja mkubwa. Ila kila asubuhi alisahau kukitoa kibanio chekundu cha nguo, kile kinachozuia suruali isiliwe na mnyororo. Ofisi nzima ilikiona. Hakuna aliyemwambia; walimheshimu mno.

Zikabaki siku tano barua itoke, akaja mgeni kutoka ng'ambo, mtaalamu wa usafiri. Gari lilipelekwa hotelini kumchukua, likarudi tupu. Mgeni alikuwa ameshafika kwa baiskeli ya kukodi, kavaa kaptula, jasho chapachapa. Mlinzi alifungua mabawa yote mawili, akapiga saluti. Bosi akalipapasa tandiko la baiskeli kama ng'ombe wa maonyesho, akasema haya ndiyo maendeleo. Mgeni akaeleza kwamba kwao hata majaji huenda kazini hivyo, na wote wakaitikia kwa vichwa kana kwamba walilijua hilo tangu utotoni.

Kisha akauliza ni nani hapa anayeendesha baiskeli.

Shemeji akatazama dari. Mgeni yeye akatazama chini, akakiona kibanio, akacheka kwa furaha, akaomba wapigwe picha pamoja. Bosi akajipenyeza katikati.

Kesho yake shemeji hakupita kwa fundi viatu. Alikwenda na baiskeli yake moja kwa moja mpaka geti kubwa. Mlinzi akamwonyesha kijimlango.

"Jana si ulimfungulia mgeni?"

"Mzee wangu, mgeni anapanda kwa kupenda. Wewe unapanda kwa kukosa."

Shemeji akaweka mguu mmoja chini. "Basi leo na mimi nimependa. Fungua."

Nyuma yake gari la bosi likafika, likapiga honi. Mlinzi akawatazama wote wawili, akafungua mabawa yote, akapiga saluti. Bosi anaamini ilikuwa yake. Shemeji naye anaamini ilikuwa yake.

Barua ilitoka. Picha ilikuwa imeshatundikwa mapokezi, na ingekuwa taabu kumnyima cheo mtu anayening'inia ukutani na bosi. Pamoja na cheo alipewa nafasi ya kuegesha gari, yenye namba yake, inayotosha lori. Baiskeli husimama katikati yake peke yake, na mlinzi huwafukuza wanaoisogelea.

Kibanio bado anasahau kukitoa.