Sabufa ya Mzinga

Juzi, nikiwa nyumbani kwangu Unyambwa, nilisahau kipande cha nta dirishani. Jua la alasiri likakilainisha, na harufu yake ikajaa chumba kizima: harufu nzito, tamu, yenye moshi kidogo ndani yake, kama nguo za mtu aliyetoka kurina asali. Mezani mbele yangu ilikuwapo karatasi yenye michoro miwili. Vijana wa mtaa wameniomba niwatengenezee sabufa mbili za shughuli zao, na kwa siku tatu nilikuwa nimeshindwa kuamua maboksi yake yawe ya kuziba kabisa au ya kuacha tundu. Nakiri kwenu, wasomaji wangu, kwamba fundi aliyesoma chuo hapaswi kushindwa na jambo hilo kwa siku tatu. Harufu ile ndiyo iliyonikumbusha sababu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nasi tuliishi Issuna. Dada yetu mkubwa, Mwajuma, alikuwa ameposwa na kijana wa Sepuka, na harusi ilipangwa kufanyika baada ya mavuno ya alizeti. Mimi na kaka yangu Salumu, aliyenizidi miaka mitatu, tulimwahidi dada kwamba muziki wa harusi yake ungetoka mikononi mwetu. Alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona kwamba hatutanii.

"Haya. Nitawaambia wasitafute muziki kwingine," alisema. "Ila Hadija, mkiniaibisha mbele ya wakwe, mtanitambua."

Ujasiri wetu ulikuwa na chanzo. Mjomba, aliyekuwa akitengeneza redio Singida mjini, alikuwa ametupa spika mbili za inchi nane, zinazofanana kama mapacha. Alitueleza kwa subira namna mbili za kuzijengea maboksi. Boksi la kuziba lisipitishe hata pumzi. Besi yake huwa fupi na safi. Boksi la tundu liachwe lipumue kwa nafasi iliyopimwa. Besi yake huwa nene, na huenda mbali. "Chagueni moja," alisema, "na maboksi yote mawili myafanye sawasawa." Tukaitikia kwa heshima zote. Hata hatujafika nyumbani, tulikuwa tumekwisha kugombana.

Salumu alitaka ya kuziba. Alikuwa mtu wa kupiga msumari mmoja mara tano ili aridhike. Mimi nilitaka ya tundu, kwa sababu nilitaka besi ifike mpaka barabarani, na watu waulize ni nani aliyeitengeneza. Hakuna aliyekubali kushuka. Mwishowe tulifanya alichokatazwa mtoto yeyote mwenye masikio: kila mmoja alichukua spika yake na kwenda kujenga boksi lake.

Salumu aliomba mbao za kitanda kilichovunjika. Mimi sikuomba. Nyuma ya nyumba, chini ya upenu, Baba alikuwa ameweka mizinga mitatu mipya ya magogo, akisubiri kwenda kuitundika msimu wa makundi ya nyuki kuhama. Kila mmoja ulikuwa na alama ya Baba, aliyoichoma ubavuni kwa chuma cha moto: mistari miwili iliyokatwa na wa tatu. Kwetu alama hiyo ndiyo jina la mwenye mzinga. Hata ukikutwa umetundikwa mbali porini, mpita njia hujua ni wa nani. Siku Baba alipokwenda Sepuka kwa mazungumzo ya mahari, nilivingirisha mzinga mmoja mpaka nyuma ya zizi la mbuzi. Ulikuwa na kila kitu nilichokitaka: mviringo, ubao mnene, uwazi mrefu ndani. Mwisho mmoja nikafunga spika. Mwisho wa pili nikafunga kifuniko chenye tundu la upana wa vidole vitatu. Kisha nikaupaka wote rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka milango.

Palibaki nyufa, na gundi yote ilikuwa imekwisha kwenye boksi la Salumu. Nilichukua nta, nikaiyeyusha kwenye kopo, nikaziba kila ufa kwa kidole. Niliungua, lakini nilijiona mhandisi. Mtoto wa kwingine huenda angeomba udongo au lami. Mimi nilikuwa mtoto wa mrina asali, na nta ndiyo iliyokuwa jibu la kila kitu nyumbani kwetu, tangu mpini uliolegea hadi kisigino kilichopasuka.

Baba aliporudi alikizunguka kitu changu taratibu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Sabufa. Ni gogo nililookota kule bondeni."

Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Gogo zuri," alisema. "Limechongwa vizuri sana kwa gogo la kuokota." Akaingia ndani kula. Nikajiambia kwamba nimesifiwa.

Siku ya majaribio tuliunganisha sabufa zote mbili kwenye amplifaya na betri ya gari. Boksi la Salumu lilipiga kavu na fupi. Langu lilivuta sauti, likatikisa mpaka vikombe vya kabatini. Zikipiga pamoja, zilikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kusikilizana.

"Lako linachelewa," Salumu alisema.

"Lako lina kikohozi."

"Na mbona nyuki wanalipenda?"

Ni kweli kwamba wawili watatu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye tundu langu. Siku iliyofuata walikuwa kumi. Niliwafukuza kwa kanga ya Mama na kuendelea. Ningepaswa kujua, maana kila mtoto wa nyumba ile alijua kwamba kundi likitaka kuhama hutanguliza wapelelezi. Lakini mtu aliyekwisha kusema uongo juu ya kitu hatamani kukichunguza sana.

Siku ya harusi wageni wa Sepuka walifika mapema. Sabufa zilikuwa kandokando ya turubai, langu kwenye jua, maana nilitaka lionekane. Salumu alipokuwa akifunga waya wa mwisho, tulisikia mvumo uliopita besi zote nilizowahi kuziota. Anga juu ya nyumba ikawa kama imemwagiwa ulezi. Kundi zima likashuka, likajibandika kwenye tundu langu, likaanza kuingia.

Watu walikimbia na viti vyao. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama mlangoni, amejifunika kanga mpaka puani, akaita kwa sauti: "Haya, bibi fundi! Umetuletea muziki au umetuletea asali?" Kicheko kikapasuka nyumba nzima. Nilimtazama dada dirishani, uso umekwisha kupambwa, naye alikuwa akinitazama mimi. Hakuwa na kicheko.

Moshi ungeweza kuwatoa nyuki. Mtu mmoja alikwisha kukimbilia kinyesi cha ng'ombe kikavu akiwashe, lakini Baba alimzuia kwa mkono. Hakuwahi kufukuza kundi lililokuja lenyewe, na hakuanza siku ile. Alitembea polepole hadi kwenye mzinga, akakata waya wangu kwa kisu, akarudi.

"Hamishieni turubai upande wa mashariki," aliwaambia vijana. "Salumu, la kwako linatosha?"

"Linatosha, Baba."

Nalo lilitosha. Besi ile fupi, kavu, ilikaa chini ya nyimbo za kina mama bila kuzifunika, na kila neno lililoimbiwa dada yangu lilisikika. Nilisaidia kubeba sahani, wala sikuthubutu kuinua uso. Dada alipokuwa akiondoka alinivuta sikio, kisha akanikumbatia kwa muda mrefu, na hilo la pili liliniuma zaidi.

Jua lilipozama, nyuki walipotulia, Baba aliziba tundu kwa majani na kuufunga mzinga kwa kamba, spika yangu ikiwa ndani. Nilimfuata hadi kwenye mgunga alikokusudia kuutundika. Nilitembea hatua tano nyuma yake.

"Baba. Mzinga huu ni wako."

"Najua."

"Tangu lini?"

Aliutua, akapitisha kidole gumba ubavuni. "Kila mahali umepaka rangi mara moja. Hapa umepaka mara tatu."

Hakuniadhibu. Alinipa ncha ya kamba niivute naye akausukuma juu, na tulipomaliza alisema tu kwamba njaa inauma. Spika ile haikurudi. Baba aliporina asali ya kwanza ya mzinga ule, karatasi ya spika ilikuwa imetafunwa yote, na sumaku ilikuwa imefunikwa na masega. Aliipeleka asali hiyo Sepuka, kwa dada.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimesamehewa kwa sababu nilikiri. Nilipokuwa chuoni, nikijifunza jinsi hewa ya kwenye tundu inavyopimwa ili iitikie sauti ya ndani, nilikumbuka jambo ambalo mtoto yule hakulihesabu. Huo ulikuwa msimu wa makundi kuhama. Kila siku aliyonyamaza, nyuki walikuwa wakipita juu ya nyumba yetu kutafuta makao, nao mzinga wake ulikuwa nyuma ya zizi, umepakwa rangi nyeusi, ukipiga muziki. Angeweza kuudai kwa neno moja. Alichagua kupoteza nyuki kuliko kunitoa ukweli kinywani kwa nguvu. Aliuacha utoke wenyewe.

Nimekwisha kuchagua. Maboksi yote mawili yatakuwa ya tundu, yaachwe yapumue, nayo yatafanana kwa kila kipimo, kama Mjomba alivyoagiza. Jana nilimpigia simu Baba kumwomba ruhusa ya kuyachoma kwa alama yake.

"Safari hii umeomba," alisema.

Leo asubuhi nilipasha chuma moto. Mistari miwili iliyokatwa na wa tatu ipo mbele, pembeni ya spika, na mahali hapo sitapaka rangi.