Gishe ya Gare na Mufungwa wa mu Buku

Semeni ninadanganya, lakini ku gare ya Kolwezi mi nilifungua gishe bila kuigusa. Saa ya kuuzisha tike ilipita, karani alikuwa ndani anacheka na rafiki yake, dirisha imefungwa. Sisi tulipanga majiwe chini kushika nafasi zetu, tukaikala ku kivuli. Mama mumoja alikuwa anaenda Tenke, kwa binti yake mwenye amezaa.

"Treni itaniacha na haya majiwe yenu!"

Nikatoa buku, nikasoma kwa sauti. Masomo niliacha mapema, lakini kusoma, nani atanishinda? Ilikuwa habari ya mufungwa mwenye alingoya miaka mingi bamufungulie mulango.

Mama akatikisa kichwa: "Kumbe, kuliko huyu mufungwa, sisi tuko ku feti, ku sherehe!"

Batu bakacheka. Kule ndani karani akaacha kucheka, akatega sikio. Nikapandisha sauti: mulinzi wa gereza akaona haya, akafungua mulango. Pale pale dirisha nayo ikafunguka.

"Sitwayeni, we mwananchi, leta ile buku nione," karani akasema.

"Kwanza tike ya mama."

Mama akapata treni. Buku, mi nikaikalia, karani asiione.

Sasa niseme kile nilificha: mu ile buku mulinzi hakufungua hata siku moja. Mufungwa nilimutoa mu gereza mi mwenyewe.