Aliyenifundisha Kilimia

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba ya wakulima wa Nkoma, Usukumani, mimi nilikuwa natafiti historia ya elimu ya nyota. Nilitaka kujua wazee wetu walitumiaje Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kujua wakati wa kushika jembe. Nikauliza kwenye mizani ya pamba, mbele ya foleni nzima: nani mtaalamu wa nyota hapa? Watu wakatazamana, kisha wakamtaja mama mkubwa, dada yake mama yangu.

Nilimkuta jikoni akipuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni zilikuwa adimu. Moshi wa miaka yote ulikuwa umemwachia macho mekundu. Nikawasha rekoda.

“Mayu,” nilimwita, yaani mama kwa Kisukuma, “nani alikufundisha kusoma Kilimia?”

Alichungulia mlangoni kwanza. “Zima hiyo. Bibi wa jirani walimkata mapanga kwa sababu ya macho kama haya, wakasema ni ya mchawi. Na wewe unataka kuandika kwamba natoka nje gizani kutazama angani?”

Nikazima rekoda, nikakumbuka swali langu kule kwenye mizani. Mtaalamu wa nyota! Msukuma mzima, nilisahau kwamba huku mtaalamu ni mganga, na kutoka mganga hadi mchawi si mbali.

Alinifundisha kwa kunong'ona, akinyamaza kila mara mtu alipopita njiani. Sikurekodi chochote.

Mpaka leo, katika maandishi yangu, aliyenifundisha Kilimia ni mwanamume, tena marehemu.