Mshono Wenye Vituo

Barua ile ina mistari mitano na muhuri wa bluu. Nimeihifadhi kwa sababu huwa nahifadhi kila karatasi iliyoandikwa na mtu anayedhani sitaisoma mara mbili.

Tulikuwa mafundi tisa katika chumba kimoja karibu na stendi ya Bunda, wote wenye ulemavu wa miguu. Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, na miongoni mwa niliyoyasoma ni kanuni za zabuni, sura kwa sura, kamusi ikiwa pembeni. Humo ndimo nilimojifunza kwamba kampuni kubwa nyingi zimejiwekea sharti la kununua sehemu ya mahitaji yao kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kiwanda kimoja cha kuchakata sangara pale Musoma kilikuwa na sharti hilo, limebandikwa getini. Kilihitaji ovaroli za wafanyakazi. Tukapeleka sampuli, cheti cha usajili wa kikundi, na picha yetu tumekaa kwenye cherehani.

Nieleze tunavyoshona. Cherehani ya kawaida inaendeshwa kwa miguu. Hata ya umeme inataka mguu. Sisi tunazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, na nguo inaongozwa na mkono wa kushoto peke yake. Kwa hiyo kila baada ya shibiri moja tunasimama, tunaipanga nguo upya, tunarudi nyuma mishono mitatu ili uzi usilegee, ndipo tunaendelea. Ukiipindua nguo yetu utaviona vituo hivyo kwa ndani, kama vifundo vidogo. Uzi ukikatika, nguo inafumuka mpaka kwenye kituo na kuishia hapo.

Afisa ununuzi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, aliipindua sampuli yetu mbele ya wenzake ofisini.

"Mzee wangu, mshono wako unapumzikaga kila hatua," alisema. "Umechoka kabla ya mvaaji."

Walicheka. Nilisimama kwenye magongo mpaka walipomaliza, kwa kuwa hakuna aliyenipa kiti. Barua ya kutukataa ilisema hayo hayo kwa lugha ya ofisi: mshono una vituo visivyokubalika. Sampuli alinirudishia. Cheti na picha alibaki navyo.

Mwaka uliofuata mwenyekiti wetu, mama wa Butiama anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, alikuja na kalenda ya kiwanda aliyoikuta imetundikwa dukani. Kwenye ukurasa wa mwezi wa nne tulikuwemo sisi tisa, na chini yetu maneno: wazabuni wetu wa ovaroli. Hatukuwahi kuwauzia hata kifungo. Niliwauliza wafanyakazi wa kiwanda wanaotoka huku kwetu, mmoja mmoja, kwa wiki mbili. Wa mwisho nilimfuata mpaka Nyamuswa, siku yake ya mapumziko. Wote walisema kitu kimoja: ovaroli zililetwa na mfanyabiashara wa Mwanza, rafiki wa afisa. Kwenye makaratasi lilikaa jina letu.

Sikumfuata afisa. Nilijua ipo siku atatuhitaji, na alikuja mwenyewe. Wageni wa makao makuu walikuwa njiani kukagua kama sharti linafuatwa, na walitaka kuwaona wazabuni kwa macho. Nilimpa kiti. Alizungumza taratibu, kwa heshima nyingi. Alituomba tuitikie tu na kupigwa picha. Mwaka unaofuata aproni zote za kiwanda zingekuwa zetu.

Alipoondoka, mwenyekiti alisema tukubali. Mafundi wawili walikuwa wameshaacha cherehani, wanauza karanga stendi, na bila kazi ile kikundi kingevunjika.

"Mura, wewe unataka kumwona huyo anaaibika," aliniambia, akiniita kama mwanamume yeyote wa Mara anavyoitwa. "Mimi nataka kushona."

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Nilimwambia nitafikiri. Nikakaa nikifikiri ile siku ya ofisini, kicheko kimoja kimoja, na nani alianza kucheka.

Siku ya wageni tulipelekwa Musoma kwa gari la kiwanda. Ukumbini kulikuwa na meza ndefu yenye ovaroli za bluu zilizokunjwa vizuri. Afisa alitutambulisha, akatusifu kwa uaminifu. Mgeni mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani, aliniuliza kama kazi ya kiwanda imetusaidia. Mwenyekiti alinitazama, kisha akatazama mikono yake.

Niliomba kiti. Afisa alikileta mwenyewe. Nikaomba ovaroli moja, nikaipindua, nikapitisha kidole kwenye mshono wa mgongo kutoka kola mpaka kiunoni.

"Mama, mshono huu haujapumzika mahali popote," nilisema. "Aliyeushona ana miguu."

Nikatoa sampuli yetu kwenye mfuko, nikaiweka kando ya ile, nikamwonyesha vituo na kumweleza vinatoka wapi. Halafu nikatoa barua, nikaomba isomwe na aliyeiandika. Mgeni alimpa afisa. Alisoma amesimama, mimi nimekaa. Alipomaliza mstari wenye neno vituo, nilimwomba aurudie tangu mwanzo. Hakukuwa na haja ya kurudia. Kila mtu alikuwa amesikia. Nilitaka tu kuusikia tena.

Tulirudi Bunda. Kwa miezi mitatu hakuna aliyetupigia simu, na mwenyekiti alizungumza nami kupitia wengine tu. Fundi wa tatu aliondoka. Niliamini nimewaangamiza wenzangu kwa ajili ya mstari mmoja uliosomwa mara mbili, na sikuweza kujidanganya kwamba nimejuta kuusikia.

Kisha zabuni ikatangazwa upya. Walizivuta sampuli zote mpaka nyuzi zikakatika; yetu ilifumuka ikaishia kwenye kituo, nyingine zilifumuka mpaka mwisho. Tukapewa nusu ya ovaroli. Watatu wale wakarudi kwenye cherehani zao. Mfanyabiashara wa Mwanza aliondolewa kwenye orodha ya wazabuni, na afisa alihamishiwa chumba cha barafu kusimamia upakiaji, mahali ambapo hata msimamizi anavaa ovaroli.

Orodha ya vipimo ilipokuja, yeye alikuwemo. Yake niliishona mwenyewe. Kwenye mshono wa mgongo niliweka kituo kila baada ya nusu shibiri, vifundo vinene, ili avihisi kila anapoegemea kiti.

Mwenyekiti ndiye mkaguzi wetu. Aliifikia, akasoma jina, akaipindua, akapitisha kidole chake taratibu kutoka juu mpaka chini.

"Hii itadumu sana," alisema, akaikunja, akaiweka juu ya zote.