Bakuli la kaa la Mwaitu

Kila Krismasi mama yangu alimdanganya dada yangu, na mimi nilijua. Sisemi alimdanganya kwa ubaya. Walikuwa wanapendana mpaka nikaona wivu. Uongo wenyewe ulihusu bakuli moja la kaa, yule mnyama wa baharini mwenye gamba gumu, aliyepikwa kwa krimu na kuokwa hadi juu kukawa na rangi ya chapati iliyoiva vizuri.

Dada yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Mombasa. Sisi wawili tulibaki Nunguni, mimi nikiuza mitumba sokoni, Mwaitu akilima kabichi na kuwaongoza akina mama wa kanisa bila mchezo. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu. Dada alipata likizo mwishoni mwa mwaka, na alikuja na ndoo ya plastiki iliyojaa barafu, ndani yake nyama ya kaa aliyoichambua mwenyewe, vidole vimejaa mikwaruzo. Kutoka pwani mpaka kwenye ukungu wetu wa milimani, ndoo hiyo haikutoka miguuni mwake.

"Mwaitu, nimekuletea ile kitu yako," alisema hata kabla hajavua viatu.

Shida ni kwamba Mwaitu hakula chochote kinachotoka majini. Wazee wengi wa kwetu wako hivyo. Alilelewa akiambiwa kwamba samaki ni ndugu ya nyoka, na nyoka haliwi. Wokovu ulimtoa katika mambo mengi ya zamani, lakini hilo halikutoka. Na kaa ndiye aliyemshinda kabisa. Mwaka ule wa kwanza dada alileta mmoja mzima ili atuonyeshe, na Mwaitu akanivuta pembeni.

"Aiya! Huyu ako na miguu yote hiyo na hakuna hata moja inaenda mbele," akaninong'oneza. "Mimi niweke hiyo kwa mdomo?"

"Si umwambie basi hutaki."

"Nimwambie aje, na ametoka nayo huko kote?"

Hatuna oveni, kwa hiyo dada aliokea kwenye jiko la makaa. Kwanza aliyeyusha siagi, akakaanga kitunguu na saumu kwa moto mdogo, akatia kijiko cha unga na kukoroga bila kupumzika. Krimu aliipata kwa maziwa ya ng'ombe wetu, aliyaacha yalale usiku kucha na asubuhi akaengua ya juu. Aliimimina kwenye ule unga, na mchuzi ulipokuwa mzito alitia nyama ya kaa, ndimu, pilipili manga na jibini, akagawa kwenye vibakuli vya udongo na kunyunyizia chenga za mkate mkavu. Vibakuli vilikaa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, kifuniko kikawekwa, na juu ya kifuniko makaa yanayowaka. Makaa mengi juu, machache chini, alituambia, na ole wako ufunue kabla hajasema. Alipofunua yeye, pembeni mwa kila bakuli kulikuwa kunatokota, na harufu ikafika hadi kwa jirani.

Tulikula kwa kuchovya vipande vya chapati, moto moto, kabla ya kuku na pilau. Hotelini wanaita stata, dada alisema, chakula cha kuamsha tumbo. Mimi tumbo langu lilikuwa limeamka tangu asubuhi na nililamba bakuli bila aibu.

Mwaitu alichukua lake akaenda nalo jikoni nje. Alisema anapenda kula karibu na moto, kwa sababu ya baridi. Baada ya muda alirudi na bakuli safi kabisa.

"Ni tamu, mwanangu," akasema. "Ni tamu sana."

Ungeuona uso wa dada yangu! Alikuwa mtu mzima, mwenye wapishi chini yake, lakini neno hilo lilimfanya acheke kama mtoto aliyepewa soda.

Krismasi iliyofuata nilitoka kutafuta chumvi, nikamkuta Mwaitu amechutama nyuma ya jikoni, bakuli liko chini, na paka wetu ameingiza kichwa chote ndani. Aliniangalia. Mimi nikamwangalia. Akaweka kidole mdomoni, nikarudi ndani bila chumvi. Tangu hapo ikawa siri yetu watatu, ukihesabu paka, ambaye kila alipoona ile ndoo alianza kuzungukazunguka miguu ya Mwaitu mpaka karibu atuumbue.

Mwaka huu dada aliugua. Saratani ya ini, na haikutupa nafasi. Nilishuka Mombasa kukaa naye hospitalini, na wakati hata maji yalikuwa hayapiti vizuri kooni, yeye alikuwa anafikiria Desemba.

"Sasa nani atampikia Mwaitu kaa wake?" aliniuliza.

Ulimi uliniwasha. Nilimkasirikia Mwaitu pale pale, na yeye yuko mbali, kwa kuniachia mzigo huo peke yangu. Lakini nilimtazama dada yangu, mikono imebaki mifupa, nikasema nitampikia mimi. Akanifundisha akiwa amelala, akikoroga hewa juu ya blanketi ili nione mwendo wa mkono. Alikoroga polepole, maana haraka yangu aliijua. "Na usimpunje," akaniambia. "Hiyo ndio chakula anapenda kuliko zote." Hakujua. Alienda hajui.

Tulimzika Nunguni, juu ya shamba la kabichi. Mwaitu hakulia. Aliimba nyimbo zote, akashukuru watu, halafu akaacha kula. Sisemi kula kidogo. Akina mama wa kanisa walileta muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, walileta maharagwe na viazi, na sahani zikarudi kama zilivyokuja. Aliishi kwa chai ya rangi. Nguo zake nikazipunguza kiunoni, halafu nikazipunguza tena, na kila nilipochukua sindano niliogopa. Nilikuwa nimeshamzika mmoja, na niliona kabisa ninaelekea kumzika wa pili.

Desemba ilipofika, mwenzake dada wa kule hotelini alinitumia ndoo kwa basi. Nilishuka hadi mji wa Salama, kwenye barabara kuu, kuipokea, na nilipoinua kifuniko nikakuta barafu bado ipo, nililia stendi mbele za watu.

Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, niliwasha jiko. Mwaitu alikaa kwenye kigoda akiniangalia. Nilikoroga kama nilivyofundishwa, lakini makaa ya juu niliyazidisha, bakuli moja likaungua ukingoni. Hilo nikajiwekea mimi. Lingine nikampa yeye, na sikujua ninampa kwa nini. Hakukuwa tena na mtu wa kufurahishwa. Paka alikuwa ameshakaa mlangoni, mkia umezunguka miguu, anangoja haki yake.

Mwaitu alichukua bakuli lakini hakuinuka. Alilishika mapajani mpaka nikadhani litapoa.

"Ni yeye alikuambia unipikie?"

"Ni yeye."

"Alisema nini?"

"Alisema hiyo ndio unapenda kuliko zote."

Akafumba macho. Midomo ikamtetemeka kidogo, nikajua anaomba. Halafu akakata chapati, akachovya, akaweka mdomoni. Alitafuna polepole sana, uso umekunjamana kama mtu anayemeza dawa, na mimi nilikuwa tayari kumpa maji. Hakuomba maji. Alichovya tena. Paka akalia, akamsogelea, na Mwaitu akamsukuma kwa mguu.

"Leo hapana," akamwambia.

Alikula bakuli lote. Alipangusa pembeni kwa kipande cha mwisho cha chapati, kama mimi ninavyofanya, kisha akabaki ameangalia ndani ya bakuli tupu.

"Ni tamu," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. "Kumbe ni tamu. Miaka hiyo yote nilikuwa namwambia ukweli."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti kubwa hadi paka akakimbia. Nilipiga magoti nikamshika, na mabega yake yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani.

"Na hakuwahi kuniona nikikula," alisema. "Hata siku moja."

Bakuli langu lenye ukingo ulioungua lilikuwa bado limejaa. Nililisogeza mbele yake, na akiwa bado analia, akaomba chapati nyingine.